Ampli ya Kubebwa Kichwani

Nilijua muda wangu wa kazi umekwisha siku simu ya mkwe wangu ilipolia kando yangu na mimi nikaendelea kumenya viazi. Mlio wake ni wa ndege mdogo, mwembamba kabisa, na sauti nyembamba ndizo za kwanza kumkimbia mtu anapozeeka. "Mama, simu inalia hapo na we unaiangalia tu!" mkwe akapiga kelele kutoka uani. Sikuwa nimesikia kitu. Nilimaliza viazi, nikanawa mikono, nikaenda kufunga kibanda. Fundi wa sauti asiyesikia ndege ni mpishi asiyeonja chumvi: watu watakula mara moja kwa heshima, halafu watakwenda kula kwingine.

Basi haya nawaandikia ninyi mnaobaki na meza zenu hapa kambini Dzaleka, mliozoea kuja kwangu na swali moja na kuondoka na bisibisi yangu. Sitawaambia nilikuwa napata kiasi gani, maana mtacheka, wala nilipanda cheo gani, maana kibanda kilikuwa na kiti kimoja. Nitawaambia mambo ya ampli, hizi mashine za kukuza sauti, hasa hizi ndogo tunazoziita za dijitali, kwa sababu kila wiki naona mtu akitoka Lilongwe na kitu ambacho hakikumfaa, na bado anakipenda kwa ukaidi.

Kazi hii sikuichagua. Kule Uvira, Kongo, niliimba sauti ya pili katika kwaya, na nilipofika huku nikaendelea kuimba. Kanisa letu likachanga likapata ampli, likaifungia kabatini, na ufunguo wa kabati wakanipa mimi kwa sababu sikuwa mtu wa kusafirisafiri. Kambini mwenye ufunguo ndiye fundi, hakuna anayeuliza zaidi. Jumapili moja ampli ikatoa moshi katikati ya matangazo, na macho yote yakanigeukia kana kwamba ni mimi niliyeiweka jikoni. Kesho yake nikaipakata hadi Lilongwe.

Pale Old Town, nyuma ya maduka ya jumla, karibu na stendi ya mabasi, alikuwako fundi Mmalawi aliyeitwa Bambo Banda, bambo kwao ni bwana, amekaa barazani na meza iliyoungua kila mahali. Watu walikuwa wamenionya kwamba mafundi wa mjini huiba vya ndani na kurudisha boksi. Kwa hiyo nikasimama juu yake, mikono kiunoni, nikiangalia kila msumari. Nilisimama mpaka yeye akachoka kwa niaba yangu. Akanipa kigoda. Baadaye akanipa bisibisi, akasema kama nimeamua kumchunga afadhali nimchunge nikifanya kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza.

Kwa muda mrefu aliniruhusu kufungua na kufunga tu. Misumari naiweka katika kifuniko cha chupa, vumbi natoa kwa mswaki wa zamani, nafunga tena. Chuma cha kulehemu hakunipa mpaka alipoona sipotezi misumari. Multimita yake ya kupimia umeme ilikuwa imepasuka kioo na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini haikusema uongo hata siku moja. Na kila alipomaliza ampli hakuijaribu kwa muziki. Alikuwa amerekodi mke wake akitwanga mahindi, na rekodi hiyo ndiyo aliyoipiga. "Tamverani, amayi," alikuwa akiniambia, yaani sikiliza, mama. Muziki unakudanganya kwa sababu unaupenda, alisema. Mchi na kinu anavijua tangu utoto, vikilia vibaya atajua. Mimi pia nikajitafutia changu: mazoezi ya kwaya yetu ambapo mtu aliangusha kiti. Nendeni dukani na kitu mnachokijua hivyo, msikubali kujaribishiwa wimbo wa muuzaji. Ule wimbo wa muuzaji hulia vizuri hata kwenye sufuria.

Ampli ndogo ya kwanza kuiona ililetwa na mwenye duka la mbele, Mhindi mmoja mcheshi. Aliiweka mezani kwetu, ukubwa wake kitabu cha nyimbo. Bambo Banda akaitikisa karibu na sikio. "Wameuza boksi," akasema, "ampli wameisahau kiwandani." Akaifungua ili amwonyeshe mwenzake kwamba ametapeliwa. Alipoona ndani, akavuta kigoda, akaichunguza mpaka chai ilipokuja.

Nawaeleza alivyonieleza baada ya chai. Ampli ya zamani inashika umeme wakati wote na kuuchoma mwingi ukawa joto. Ndiyo maana ina chuma kizito cha kupoza na transfoma ya kukuvunja mgongo. Hii ndogo inawasha na kuzima umeme kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuifuata, na kinachopotea ni kidogo. Wasomi wameniambia jina la dijitali si lake haswa. Inawezekana, lakini sokoni ukibadilisha jina unapoteza mteja.

Jambo la kwanza kwa mnunuzi ni namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Isomeni kama mnavyosoma ahadi za mgombea. Geuzeni adapta yake, ile inayochomekwa ukutani, mzidishe volti kwa ampea. Kama ni volti ishirini na nne na ampea tano, umeme unaoingia ni wati mia moja na ishirini. Boksi likisema mia tatu, muulize muuzaji hizo nyingine zinatoka kwa nani. Niliwahi kumuuliza mmoja, akaniambia zinatoka kwa Mungu. Na kwa sebule zetu hizi, ambapo mtu akikohoa jirani anamwambia pole, hata wati ishirini ni nyingi.

Jambo la pili ni spika. Nyuma yake imeandikwa omu, kipimo cha jinsi inavyozuia umeme: nne, sita au nane. Ampli nayo inasema chini ya ngapi isishushwe. Mtu mwenye spika nne za omu nne akizibana mbili mbili kwenye tundu moja anaishusha mpaka mbili, halafu anakuja kwangu na kitu kinachonuka. Waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili, la sivyo besi inapotea na unabaki ukilaumu kiwanda.

Sasa waya nyeusi. Hii sikilizeni vizuri, ninyi mliofundishwa na mafundi wa zamani. Kwenye ampli nyingi za zamani tulizozoea, waya nyeusi za spika mbili tuliziunganisha tukatumia moja, kuokoa waya. Mrundi mmoja, fundi mzuri wa redio, mwenye kibanda karibu na kisima, alifanya hivyo kwa ampli ndogo ya mteja. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Akaja kwangu akiwa ameikumbatia.

"Mama Riziki, hii kitu imekufa na mi sijaifanya kitu."

"Uliweka waya ngapi?"

"Tatu."

"Na ya ine iko wapi?"

"Nilibakisha. Waya iko bei, mama."

Kwenye hizi ndogo, mara nyingi, hata tundu jeusi lina umeme wake wa kufanya kazi. Ukiyaunganisha mawili umeyagombanisha. Ziwe waya nne, kila spika na zake mbili, wala zisiguse chuma cha boksi. Yule ndugu alinunua ampli nyingine kumlipa mteja, na hadi leo akinikuta njiani ananionyesha vidole vinne badala ya salamu.

Kuna na blututhi. Mchungaji wetu alinunua ampli yenye blututhi ya wazi, isiyouliza namba ya siri, akaweka sebuleni kwa ajili ya nyimbo za asubuhi. Nyumba zetu zimebanana. Siku moja ana wageni, wazee wa kanisa, amefumba macho anaomba, na ampli ikaanza kupiga muziki wa kukata kiuno wa jirani yake muuza mitumba. Jirani kule hasikii kitu kwenye spika yake, anaongeza sauti. Mchungaji huku anazidi kuomba kwa nguvu. Waliendelea kushindana hivyo mpaka mama mchungaji akachomoa waya ya umeme. Nikamwekea mchungaji waya ya kawaida kutoka kwenye simu. Waya haina jirani.

Na kabla ya kuifungua ampli inayotetemesha sauti, kagua nyumba kwanza. Bati lililolegea hulia kwenye besi kama spika iliyochanika. Ondoa spika ukutani kidogo, tandika mkeka, funga pazia. Simu iweke sauti karibu na mwisho, halafu punguza na kuongeza kwenye ampli. Mama mmoja wa Likuni aliniita nikatengeneze ampli. Nilichotengeneza ni sahani za kabatini, nilizitenganisha kwa vitambaa, akanishukuru kwa kuku.

Kesi ngumu kuliko zote ilinikuta karibu na mwisho, na haikuhitaji hata bisibisi.

Eliya, fundi cherehani anayeshona sare za kwaya, alitaka kumwoa Aline. Baba yake Aline ni mzee wa Fizi, kule kule Kongo, mtu wa maneno machache na kofia isiyotoka kichwani. Alitaja mahari yake kwa mdomo: mbuzi, vitenge vya mama, suti, na ampli. Spika mbili alikuwa nazo tayari sebuleni, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, zikisubiri. Kuhusu ampli alisema jambo moja tu: bila hiyo, asione mtu mlangoni kwake.

Eliya akaja kwangu, tukaenda Old Town pamoja. Kulikuwa na moja kubwa ya mtumba, ina mishale inayocheza na vifundo vya kung'aa, na kulikuwa na ndogo. Nikamuuliza nyumba ya baba mkwe wake ina umeme gani. Haikuwa na umeme wa nguzo. Ilikuwa na paneli moja juu ya bati na betri iliyochoka. Sikufikiri mara mbili. Ndogo inakula volti kumi na mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kubwa ingehitaji inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, na inveta yenyewe inakula kabla ya kumpa mwenzake. Nikamchagulia ndogo, nikamtengenezea waya yenye fyuzi, nikamwonya asiunganishe paneli na ampli bila kidhibiti chake katikati. Nilijisifu njia nzima ya kurudi.

Siku ya kupeleka mahari nilikaa na wanawake nyumbani kwa Baba Aline. Kwa ukoo wa Baba Aline vitu havipelekwi kimya. Vinabebwa kichwani, wazi, kutoka sokoni hadi mlangoni, ili kila mtu aone binti anaolewaje. Wakaja: vitenge kichwani, suti kichwani, mbuzi wanavutwa, vigelegele. Kisha mjomba wa Eliya, msemaji wao, akaingiza mkono katika koti akatoa ampli mfukoni.

Vigelegele vikakatika. Baba Aline aliishika kwa mkono mmoja. Wakaiunganisha na betri, wakaiwasha, naye akaweka kiganja juu yake, akasubiri.

"Iko baridi," akasema. "Hii imekufa."

"Baba Aline, hii haichomaki," mjomba akajibu. "Iko ya kisasa."

"Mi niliomba ampli. Munaniletea kitu ya mu mufuko, sawa vile kiberiti. Bantu bote baliona vitenge, baliona mbuzi. Ampli nani aliiona?"

Nilimwona Aline mlangoni pa jikoni, mkono mdomoni. Harusi ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Eliya alikuwa ameinamisha kichwa, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Nikaona aibu, kwa sababu uchaguzi ule ulikuwa wangu.

"Nani alibaambia mununue hii?" mzee akauliza.

Nikasimama. "Ni mi, Baba Aline. Niruhusu nikuonyeshe."

Nilikuwa na uhakika wangu wote. Tukaazima inveta ya kinyozi wa jirani na ampli yake kubwa. Ikaletwa juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, imefungwa kwa mpira, mwendesha baiskeli anatembea kando yake kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukaa. Nikaiunganisha kwa inveta na betri ya mzee. Yeye mwenyewe akachagua wimbo kwenye simu yake, kwaya ya kwao. Ikaunguruma vizuri, sitasema uongo, na kofia ya mzee ikaanza kwenda na mdundo. Kabla ubeti wa pili haujaisha inveta ikapiga filimbi, taa ikageuka nyekundu, kimya.

Nikaacha betri ipumzike kidogo, nikaunganisha ndogo, waya nne. Wimbo ule ule. Ukaimba mpaka mwisho, ukafuata mwingine, na mwingine. Sauti safi, ya pili inasikika peke yake, ya nne inatembea chini. Akina mama wakainuka kucheza. Mama mmoja akasema, "Sasa hii ndogo inakula nini?" Watu wakacheka. Nikamgeukia Baba Aline nikisubiri ushindi wangu.

Alikuwa ameketi vile vile.

"Sauti ninaisikia," akasema taratibu. "Iko muzuri. Mama Riziki, mi sikuombaka sauti."

Nilizima ampli ili angalau nionekane nafanya kitu. Mjomba alichukua kofia yake. Hapo mke wa mzee, ambaye siku nzima alikuwa amekaa kwenye mkeka, akasema, "Baba Aline, baambie ile ya ku mulima. Banaenda bila kujua."

Mzee akaangalia mikono yake.

"Kule Fizi nilikuwaka na ampli," akasema. "Nzito, shingo inalia. Niliilimia muhogo miaka mingi. Siku ya kukimbia niliiweka ku kichwa. Mama Aline alikuwa mugonjwa, anatembea na fimbo. Aline alikuwa anatembea na miguu yake, mutoto mudogo kabisa. Kufika ku mulima, akakaa chini, akasema hatembei tena. Nikajaribu: ampli ku kichwa, mutoto ku mugongo. Nikaanguka. Nikasimama, nikaanguka tena." Akainamisha mikono kama anayeweka kitu chini. "Nikaiweka mu majani. Nikaifunika muzuri, nikasema nitairudilia. Sikurudiaka. Sasa ule mutoto anaenda, anaolewa. Nikasema basi, ampli irudi. Ile ya uzito wake."

Mimi nililia, na siwezi kuwaambia kwamba ilikuwa ni moshi wa jikoni. Nilikuwa nimepima volti, nimepima omu, nimekagua betri. Mteja mwenyewe sikumuuliza hata neno moja.

Baba Aline akanyoosha mkono, nikampa ile ndogo. Akaipandisha na kuishusha kiganjani. Kisha akavua kofia, mbele za watu, akaiweka ampli kichwani pake na kuiachia. Ilikaa hapo, haikumlemea hata kidogo. Akacheka bila sauti.

"Aline," akaita. "Kuja uone. Kama ilikuwaka hii, ningekubeba we na yo pamoja."

Aline akatoka jikoni, akaja akapiga magoti mbele yake, akaishika ampli isianguke.

"Lakini ilikuwa ile nzito, baba," akasema. "Na ulichagua muzuri."